Soko la mtandaoni: nani anapanga meza, na nani anabeba gharama?

Ukiandika neno "sola" katika soko kubwa la mtandaoni, unaletewa mamia ya bidhaa kwa sekunde moja. Hutaziona zote. Utaangalia kumi za kwanza, labda ishirini kama bando linatosha, kisha utachagua. Yule aliyepanga hizo kumi za kwanza ameshakufanyia sehemu kubwa ya uchaguzi kabla hujagusa skrini.

Jambo hili linakuhusu, uwe mkimbizi unayeuza vitenge Nakivale, fundi cherehani Kyaka II, au mwenyeji wa Isingiro unayetafutia ndizi zako mnunuzi wa mbali. Biashara nyingi zaidi zinahamia kwenye simu. Watu wengine wanasema soko la mtandaoni litamkomboa mfanyabiashara mdogo, wengine wanasema ni wizi mtupu. Kabla ya kuwasikiliza, angalia soko lenyewe linavyofanya kazi.

Mwenye soko ni nani?

Katika gulio la kawaida unamjua anayetoza ushuru, unajua meza ya pembeni ya lango ni ghali, na ukionewa unajua mwenyekiti wa soko anakaa wapi. Soko la mtandaoni nalo lina lango, ushuru na mwenyekiti, ila huwaoni.

Masoko haya si ya aina moja. Jumia, iliyoanza Lagos, Nigeria, mwaka 2012 na inayofanya kazi Uganda na Kenya, inapokea oda, inapokea malipo na kusimamia usafirishaji. Muuzaji analipa kamisheni kwa kila bidhaa inayouzwa. Jiji, ambayo mwaka 2019 ilinunua biashara ya OLX katika nchi tano zikiwemo Uganda, Kenya na Tanzania, ni ubao wa matangazo: unaona bidhaa, unapiga simu, mnakutana wenyewe. Yenyewe hupata pesa kwa muuzaji anayelipia tangazo lake lipandishwe juu. Aina ya tatu ni makundi ya WhatsApp, ambako kwa watu wengi wa makazi yetu ndiko soko lilipo hasa. Huko mwenye soko ni msimamizi wa kundi, na juu yake kuna kampuni moja ya Marekani yenye kanuni zake.

Kabla ya kuuza au kununua, jiulize uko katika aina ipi. Katika aina ya kwanza, mgogoro ukitokea una mtu wa kumlalamikia kuhusu mzigo na pesa. Katika ya pili na ya tatu, mara nyingi mmebaki wawili tu, wewe na aliye upande wa pili wa simu.

Anayekaa mbele

Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika masoko makubwa ya mtandaoni methali hiyo imeanza kupinduka. Kizuri kilicho katika ukurasa wa tisa hakijiuzi, kwa sababu hakuna anayefika huko. Kilicholipiwa tangazo kinasimama mbele, kiwe kizuri au cha wastani.

Kesi zinazoendelea duniani zinaonyesha uzito wa jambo hili. Septemba 2023, tume ya serikali ya Marekani inayosimamia ushindani wa biashara, FTC, pamoja na majimbo 17, ziliishtaki Amazon. Zinadai kampuni hiyo huwaadhibu wauzaji wanaotoa bei nafuu mahali pengine kwa kuwashusha katika orodha, na kwamba imewafanya wauzaji walazimike kulipia matangazo ili waonekane. Amazon inakanusha madai hayo. Desemba 2022, baada ya uchunguzi wa Umoja wa Ulaya, kampuni hiyohiyo ilikubali kutotumia taarifa za siri za mauzo ya wauzaji kwa faida ya duka lake yenyewe. Aprili 2021, China iliipiga Alibaba faini ya zaidi ya yuan bilioni 18 kwa kuwabana wauzaji wasiuze katika masoko ya washindani.

Pande hizo tatu hazifanani kwa siasa wala kwa sheria, lakini zote zimefikia swali lilelile: mtu mmoja akiwa ndiye mwenye uwanja, mtoza ushuru, mpanga meza, na wakati mwingine pia muuzaji, nani atamzuia asijipendelee?

Sisi tunalijua swali hili hata bila intaneti. Kakuma, Kenya, tangu 2015 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani liligawa sehemu ya msaada kwa njia ya simu, mpango ulioitwa Bamba Chakula, na pesa hiyo ilitumika kwa wafanyabiashara walioidhinishwa tu. Ukiwa ndani ya orodha, wateja wanakuja. Ukiwa nje, unaweza kuwa na maharage bora kambini na watu wakapita mbele ya duka lako wakienda kwingine. Lengo lilikuwa zuri, lakini somo linabaki: anayeandika orodha anagawa riziki.

Nyota usizoweza kuhama nazo

Mnunuzi asiyemjua muuzaji anamwaminije? eBay, iliyoanza Marekani mwaka 1995, iliwaruhusu watu waandike maoni juu ya kila waliyefanya naye biashara. Masoko mengi yaliyofuata yakachukua njia hiyo, na leo tunahesabu nyota.

Nyota zina msaada wa kweli. Muuzaji mwaminifu anatambulika bila kujuana na mkubwa yeyote, na mwanamke anayeshona mabegi nyumbani anaweza kuaminiwa na mtu wa Kampala ambaye hawajawahi kuonana.

Zina upungufu pia. Kwanza, anayeanza hana nyota, asiye na nyota hapati wateja, na asiye na wateja hapati nyota. Wengi huvunja mzunguko huo kwa kuuza kwa hasara mwanzoni. Pili, nyota zinanunuliwa. Tatizo la maoni ya uongo limekuwa kubwa kiasi kwamba Marekani ilitunga kanuni ya kuyapiga marufuku, iliyoanza kufanya kazi Oktoba 2024. Tatu, nyota si mali yako. Umejenga jina miaka mitatu katika soko moja. Ukihamia jingine unaanza na sifuri, na akaunti yako ikifungwa jina lako linafungwa nayo.

Hili la tatu ninyi mnalielewa kuliko watu wengi. Aliyekuwa na duka Bukavu au Uvira, aliyekopeshwa magunia kwa neno lake tu, alivuka mpaka na watoto na mabegi, lakini sifa yake kwa wauzaji wa jumla ilibaki nyuma. Alipofika alikuwa mgeni asiye na historia. Muuzaji anayetegemea soko moja la mtandaoni yuko katika hali inayofanana: sifa yake inaishi nyumbani kwa mtu mwingine.

Pesa iko mikononi mwa nani?

Mnunuzi anaogopa kulipa asipate mzigo. Muuzaji anaogopa kutuma mzigo asilipwe. Kila soko la mtandaoni hujengwa juu ya jinsi linavyogawa hofu hizi mbili.

China, soko la Taobao lilikua kwa msaada wa Alipay: pesa ya mnunuzi inashikwa katikati, na muuzaji analipwa baada ya mnunuzi kuthibitisha amepokea. Afrika, Jumia ilivuta wateja kwa kuwaruhusu walipe mzigo unapofika. Njia hiyo inampa mnunuzi utulivu, ila hatari haijaondoka, imehamishwa. Mnunuzi akibadili mawazo mlangoni, safari ya kwenda na kurudi imeshagharimu pesa, na kuna mtu wa kuilipa.

Katika makundi ya WhatsApp hakuna wa katikati. Ndiyo maana matapeli wanapenda huko, na maneno yao ni yaleyale: "Tuma nauli kwanza", "Bei hii ni ya leo tu", "Mimi ni ndugu, niko zoni ya pili." Anayekuharakisha anajua kwamba ukipata saa moja ya kuuliza, utagundua.

Kuna tatizo jingine linalowahusu wakimbizi zaidi: laini ya simu. Wengi bado wanatumia laini iliyosajiliwa kwa jina la rafiki au jirani. Siku mambo yakiwa sawa, hakuna anayejali. Siku pesa ikipotea, kampuni ya simu inamsikiliza mwenye jina, naye si wewe. Tangu 2019, Tume ya Mawasiliano ya Uganda, UCC, imewaruhusu wakimbizi kusajili laini kwa kutumia karatasi zao kutoka Ofisi ya Waziri Mkuu, OPM. Kama unafanya biashara kwa simu, laini ya jina lako ndiyo leseni yako ya kwanza. Ishughulikie kabla ya kununua bidhaa.

Kilomita za mwisho

Wauzaji wa mtandaoni hupenda kusema umbali umekufa. Kwa picha na maneno, ni kweli. Kwa gunia na godoro, umbali uko hai, na bei yake inapanda kadiri lami inavyoisha.

Masoko makubwa hufikisha mizigo mjini, au kwenye vituo vya kuchukulia katika miji ya mikoani kama Mbarara. Kutoka hapo hadi makazini ni nauli yako na siku yako ya kazi. Simu ya shilingi 200,000 inayoonekana nafuu kuliko ya dukani huenda si nafuu tena ukijumlisha taksi, bodaboda, na safari ya pili ya kuirudisha ikiwa mbovu. Safari hiyo ya pili watu wengi huisahau. Wanaosema rahisi ghali hawakukosea.

Wala makazi si masoko madogo yasiyostahili kufikiwa. Utafiti wa Shirika la Fedha la Kimataifa, IFC, uliotolewa 2018, ulihesabu zaidi ya maduka 2,000 Kakuma na matumizi ya watu yanayofika shilingi za Kenya bilioni 5.8 kwa mwaka. Wateja wapo na pesa inazunguka. Kinachokosekana ni anwani ambayo kompyuta ya kampuni inaitambua, na hesabu ya usafiri inayomlipa anayeuleta mzigo.

Hesabu ya begi moja

Tuchukue mfano. Takwimu hizi ni za kufikirika. Weka zako mahali pake.

Unashona begi la kitenge. Kitambaa, zipu na uzi ni shilingi 18,000. Mtandaoni unaliuza 40,000. Soko likichukua kamisheni ya asilimia 15, hiyo ni 6,000, unabaki na 34,000. Kulipeleka mjini ni 7,000, unabaki na 27,000. Mfuko na kufunga ni 1,000, unabaki na 26,000. Toa 18,000 za vifaa: faida ni 8,000. Ukitoa pesa kwa wakala, kuna kodi ya serikali ya asilimia 0.5 ya kiasi unachotoa, pamoja na ada ya kampuni.

Begi hilohilo ukiliuza makazini kwa 32,000, bila kamisheni wala safari, faida ni 14,000.

Je, basi mtandao haufai? Subiri. Makazini huenda utauza mabegi matatu kwa mwezi, kisha kila mwenye uwezo atakuwa ameshanunua. Mtandaoni unaweza kuuza kumi. Na ukipeleka mabegi matano kwa safari moja, zile 7,000 zinagawanyika: kila begi linabeba 1,400, na faida inapanda hadi 13,600. Sasa ongeza begi moja linalorudishwa kati ya hayo matano, na safari ya 7,000 ya kulifuata mjini. Umepoteza faida ya begi hilo, mfuko wa 1,000 na safari, na sehemu yake ya nauli ya kwanza inabebwa na mengine. Faida ya mabegi manne yaliyouzwa inakuwa shilingi 45,000 kwa jumla, badala ya 68,000 ulizotarajia kwa matano.

Hesabu hii inaonyesha mambo mawili. Bei ya juu si lazima iwe faida ya juu. Na anayesafirisha peke yake, kimoja kimoja, ndiye anayeumizwa kwanza. Mali bila daftari huisha bila habari, na mtandaoni huisha upesi zaidi, kwa kuwa makato ni madogo madogo na yanatoka sehemu tofauti.

Soko linaweza kufungwa

Novemba 2019 Jumia ilifunga soko lake Tanzania, na Januari 2020 ikaondoka Rwanda. Desemba 2023 ilifunga huduma yake ya chakula katika nchi zote ilikokuwapo, Uganda na Kenya zikiwemo. Kampuni iliangalia hesabu zake ikaona hailipi. Hiyo ni haki yake. Lakini muuzaji aliyekuwa na meza hiyo moja tu alijikuta nje.

Serikali nazo hushika ufunguo. Uganda ilifunga Facebook Januari 2021, kabla ya uchaguzi mkuu, na wakati wa uchaguzi wenyewe intaneti nzima ilizimwa kwa siku kadhaa. Facebook haikufunguliwa uchaguzi ulipopita, na watu wameendelea kuingia kwa VPN. Ada ya shilingi 200 kwa siku ya kutumia mitandao ya kijamii, iliyoanza Julai 2018, iliondolewa 2021 na nafasi yake ikachukuliwa na kodi ya asilimia 12 kwenye bando. Mteja wako anayeangalia picha zako kumi analipia kila picha, na sehemu ya malipo hayo ni kodi. Picha tatu nzuri zilizopunguzwa ukubwa zitamfikia kuliko kumi nzito.

Ufanye nini?

Ukiwa mnunuzi:

- Jumlisha bei, nauli ya kufuata mzigo, na nauli ya kuurudisha. Hiyo ndiyo bei ya kulinganisha na duka la jirani.
- Shuka chini ya matangazo ya kulipiwa. Soma maoni ya nyota mbili na tatu. Hapo watu husema kilichoharibika na kilichofaa.
- Usitume pesa kwa mtu wa kundi usiyemjua. Omba mdhamini mnayemfahamu wote, au mkutane mahali penye watu, mchana.
- Fungua na ujaribu mzigo mbele ya aliyeuleta, ukiruhusiwa. Piga picha.
- Ukitapeliwa, pigia kampuni ya simu mara moja, kisha nenda polisi na ujumbe wote. Usifute kitu kwa hasira au aibu.

Ukiwa muuzaji:

- Soma jedwali la kamisheni na kanuni za kurudisha bidhaa kabla ya kupandisha picha ya kwanza.
- Uza katika sehemu mbili au zaidi, na uendelee kuuza makazini. Andika namba za wateja wako kwenye daftari, kwa idhini yao, ili soko likifungwa usibaki bila mtu.
- Ungana na wengine. Wauzaji watano wa zoni moja wanaweza kupeleka mizigo pamoja na kugawana nauli. Jirani mwenyeji anayepeleka ndizi mjini anaweza kurudi na mzigo wenu, naye akapata chake. Mkimbizi na mwenyeji wako mbali na lami sawasawa.
- Weka picha ya bidhaa yenyewe, wala usichukue ya mtu mwingine. Begi likifika tofauti na picha, linarudi, na gharama ni yako.

Kuna jambo lisiloweza kufanywa na mtu mmoja. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inatambua haki ya mkimbizi kufanya kazi, na biashara ya mtandaoni ni kazi. Viongozi wa makazi, wilaya na mashirika wanapokutana kuzungumza juu ya riziki, nanyi mnaohudhuria mikutano hiyo, ulizeni: kituo cha karibu cha kuchukulia mizigo kiko wapi, na kwa nini hakiko hapa? Makazi yenye maelfu ya wateja yana sababu ya kujadiliana na kampuni. Mtu mmoja mwenye simu atakubali tu masharti anayoyakuta.

Soko la mtandaoni halikuletwa kwa ajili yako, wala halikuwekwa kukudhuru. Limepangwa kwa faida ya aliyelijenga. Ukijua meza zimepangwaje, ushuru unatozwa wapi na hatari inaangukia nani, unaweza kuingia, kuuza na kununua, na kutoka na hesabu iliyokaa sawa. Usipojua, hesabu hiyo atakufanyia mwingine.